Mawese ya Mama Mkwe

Chanzo cha yote ni kumkwepa fundi. Corolla yangu, ile 110 ya auto, ilikuwa na tabia ya kugonga kila nikiweka D, kama mgeni anayepiga hodi kwa mguu. Fundi akaniambia oili ya giaboksi imechoka, imwagwe iwekwe nyingine. Akataja na bei ya kazi. Nikamwambia nitamtafuta, na sote wawili tulijua nina maana gani.

Nikaenda kununua oili mwenyewe hapa Mwanga, Kigoma mjini: ATF, yaani oili ya giaboksi za auto, lita tano za kupimiwa, kwenye dumu la njano lililowahi kuwa na mafuta ya kupikia. Muuzaji akabana kifuniko na kipande cha nailoni isivuje. Nikaliweka koridoni. Siku hiyohiyo mama mkwe akaingia kutoka Ujiji na mzigo wa bintiye mkubwa anayeishi Dar: dumu la njano, lita tano, nailoni kwenye kifuniko. Mawese. Naye akaliweka koridoni.

Kwa asiyeijua Kigoma: mawese yetu ni mekundu. ATF nayo ni nyekundu, tena hutiwa rangi makusudi, ili ikivuja chini ya gari ujue mara moja kwamba hii ni ya giaboksi na si ya injini. Rangi hiyo imewasaidia madereva dunia nzima, ukinitoa mimi.

Jioni shemeji yangu, kitindamimba wao, akanyakua dumu moja, akapanda bodaboda mpaka stesheni, akaondoka na treni ya Dar. Mimi nikasubiri giza. Sikutaka jirani yeyote anione chini ya gari, maana hapa kwetu ukionekana na spana tu, kesho unaletewa pikipiki utengeneze. Umeme ulikuwa umekatika, tochi ya simu naishika kwa meno, na mafua yalikuwa yamenibana kiasi kwamba hata mgebuka uliooza nisingeusikia.

Nitajisifu kidogo: kazi ya kumwaga niliifanya kitaalamu. Nilifungua boliti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, ikatoka oili nyeusi kama kahawa, nikaipima kwenye chupa za maji. Lita tatu na kidogo. Nyingine hubaki ndani ya toki konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, haitoki kwa siku moja. Unarudishia kiasi kilekile ulichotoa, kupitia tundu la dipstiki.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Ilikuwa Juni, usiku una kibaridi, na "oili" yangu ilikuwa inashuka kwa kusitasita. Faneli ikaziba. Nikachokonoa kwa kijiti cha mshikaki. Ikaziba tena. Chini ya dumu kulikuwa na mabonge laini ya rangi ya chungwa. Nikajisemea, yule muuzaji ni mwaminifu kweli, kanipa oili nzito. Nyingine ikanimwagikia juu ya bomba la ekzosi, nikapuuza.

Asubuhi nikampakia mama mkwe nimrudishe Ujiji. Mama wa heshima zake, amekaa siti ya nyuma na kitenge kimefungwa vizuri, mimi mbele nimenyooka kama niko kwenye usaili. Tumekwenda kama mita mia tano hivi, akasema kwa sauti ya upole:

"Hapa jirani kuna mtu anaunga maharage. Na mawese yake mazuri."

Nikaitikia, "Ndiyo mama." Mimi sikusikia harufu yoyote.

Kidogo tena, injini ikaanza kunguruma lakini gari haliendi. Nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda, sisi tumetulia palepale. Moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya boneti. Watoto wa shule wakasimama. Mmoja akapaza sauti: "Gari linakaanga!"

Ikabidi nimpigie yuleyule fundi. Akafika bila haraka, na tabasamu ambalo sitalisahau. Akafungua boneti, akachomoa dipstiki, akaifuta kwa kidole. Akanusa. Akanitazama. Akalamba.

"Bosi," akasema, "hii imekosa dagaa tu."

Mama mkwe akashusha kioo. "Hebu lete." Akapelekewa dipstiki, akainusa mara moja.

"Haya ni ya kwangu."

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kuteleza mbele ya watu pale mwaloni Kibirizi na beseni la dagaa kichwani. Vyote hivyo ni mchezo. Na kabla sijapata la kujibu, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikia bado: "Sasa Dar kumekwenda nini?"

Nikapiga simu, haipatikani. Ya tatu ikaita. Shemeji alikuwa stesheni ya Tabora.

"Shemeji, lile dumu usimpe mtu!"

"Umechelewa shemeji. Nimembadilishia mama mmoja kikombe, anipe asali."

Miguu ikaniisha nguvu. "Yuko wapi?"

"Yuko hapa ananitukana. Kanusa tu, kanirudishia, anasema mimi ni tapeli wa mafuta ya taa. Na asali yake kachukua."

Nikashusha pumzi. Fundi muda wote alikuwa ananieleza, kwa sauti ya mama kusikia, kwamba kwenye gari la manuali oili inalainisha tu, lakini kwenye auto oili ndiyo inayobeba presha inayobana pleti za gia, kwa hiyo nilichofanya ni kuziambia pleti zibanane huku zimepakwa mawese. Nikajitetea kwamba hata Wamarekani, walioanza kuuza auto kwa wingi mwaka 1940, walikuwa wakichanganya mafuta ya nyangumi kwenye oili ya giaboksi.

"Sawa bosi," akasema. "Katafute nyangumi hapo ziwani."

Gari likavutwa hadi gereji. Sampo ikashushwa, filta ikaoshwa, ikawekwa ATF, injini ikawashwa, gia zikapitishwa zote, ikamwagwa. Ikarudiwa. Mara tatu. Hesabu ya oili ninayo mwenyewe, na ya ufundi sitaitaja. Kilichoniokoa ni kwamba halikuwa limekwenda hata kilomita moja.

Mama mkwe muda wote alikuwa kwenye benchi, kimya, akiliangalia lile beseni likijaa. Fundi alipolibeba akamwage, mama akanyanyua mkono.

"Usimwage, mwanangu. Hayo yanafaa sabuni."

"Mama, yameshachanganyika na oili ya gari."

Akafikiri kidogo.

"Basi tutampikia sabuni ya kuoshea gari lake."