Klabu za jamaa na kriketi ya Wahindi wa Afrika Mashariki: zimeutunza mchezo au zimeufungia?

Lawama dhidi ya klabu za kriketi za Wahindi wa Afrika Mashariki ni ya siku nyingi na haijabadilika sana: kwamba jamii hiyo imeukalia mchezo, ikaufungia nyuma ya kuta za klabu zenye majina ya madhehebu na koo zao, na ndiyo maana kijana wa Temeke au wa Eastlands jijini Nairobi hajui mchezo mwingine zaidi ya soka. Utetezi nao ni wa siku nyingi: bila familia hizo kutoa viwanja, fedha na Jumapili zao, kriketi ingeondoka na Waingereza. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hazina uzito sawa, na tofauti hiyo haionekani mpaka mtu azitazame Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja.

Klabu hizi hazikuzaliwa kwa kiburi. Wakati wa ukoloni Mhindi wa Nairobi hakuruhusiwa kujiunga na klabu za Wazungu, na kwa miaka mingi mojawapo ya mechi kubwa za mji ilikuwa Wazungu dhidi ya Waasia. Waliofungiwa mlango wakajenga kwao: Masingasinga wakawa na klabu yao, Wagoa yao, Wapatel yao, Waislamu yao. Mtindo wenyewe wa kugawana kwa dini ulikuwa na mfano Bombay, kwenye mashindano makubwa ambamo Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wazungu walicheza kila kundi na timu yake, hadi Gandhi alipoyapinga hadharani mwaka 1940 na hatimaye yakakoma mwaka 1946. India, kwa hiyo, iliachana na mashindano hayo kabla hata ya kupata uhuru wake, ilhali huku majina ya jamaa yameendelea kuning'inia kwenye malango ya klabu.

Hata hivyo, anayebeza klabu hizo angefaa kwanza aende akakae pembeni mwa uwanja siku ya mechi. Mchezo wa ova 50, kila ova ikiwa mipira sita inayorushwa, hula siku nzima, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuubeba bila jamaa zake. Mkeka wa kuchezea huvutwa na kukazwa asubuhi, babu aliyestaafu kucheza huketi kivulini na daftari la mikimbio, yaani alama za mchezo, baba huingia kupiga, na watoto hutumwa kuufuata mpira uliovuka mpaka. Chakula cha mchana hutoka majumbani, na gharama ya mipira mara nyingi hubebwa na mwenye duka ambaye hatafuti matangazo yoyote. Malezi ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa watu kama Asif Karim wa Mombasa, aliyewahi pia kuiwakilisha Kenya katika tenisi ya Davis Cup, ambaye akiwa na miaka 39 alirejea uwanjani baada ya kustaafu na mwezi Machi 2003, mjini Durban, akawarushia Waaustralia ova nane na mipira miwili, akaangusha wiketi tatu, yaani akawatoa wapigaji watatu, kwa kuruhusu mikimbio saba tu. Deepak Chudasama alikuwa daktari wa meno. Mwaka 1997 yeye na Kennedy Otieno walikusanya mikimbio 225 dhidi ya Bangladesh kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Hawa hawakuishi kwa kriketi, na sidhani kama shirikisho lolote lingeweza kununua moyo wao.

Otieno anatuingiza kwenye kiini cha mgogoro. Watetezi wa klabu hupenda kuwataja wachezaji Waafrika wa Kenya, na wana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu kizazi kilichoifunga West Indies mjini Pune tarehe 29 Februari 1996, kisha kikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, kilikomaa kwenye ligi ya klabu hizo hizo za Nairobi. Lakini hebu tuyasome majina yenyewe. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu. Martin Suji na Tony Suji ni ndugu. Maurice Odumbe alikuwa na Edward, na Steve Tikolo alitanguliwa na kaka zake. Timu ya taifa lenye mamilioni ya vijana ilitegemea watoto wa nyumba chache, jambo ambalo kwa maoni yangu linaonyesha jinsi njia ilivyokuwa nyembamba: aliyeingia ni yule aliyekuwa karibu na uwanja, au aliyekuwa na kaka aliyekwisha kuingia. Klabu hazikumfukuza kijana Mwafrika mwenye kipaji, ila hazikutoka kwenda kumtafuta. Kizazi kile kilipochoka, hapakuwa na kingine nyuma yake, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Uganda ilipita njia nyingine, na ilisukumwa humo kwa ukatili. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na pamoja na maduka na nyumba zikabaki klabu zisizo na wenyewe. Kriketi haikufa. Ilisalia mashuleni, Busoga College Mwiri ikiwa miongoni mwa shule zilizoilea, na timu ya Afrika Mashariki ilipokwenda Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975, chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya na ikiwa imejaa wachezaji wa asili ya Kiasia, Uganda iliwakilishwa na John Nagenda na Sam Walusimbi. Miaka 49 baadaye Uganda ndiyo iliyofika Kombe la Dunia la ova 20, Kenya ikabaki nyumbani. Asiwepo mtu wa kulisoma hilo kama sifa kwa Amin, maana nchi ilipoteza kwa miongo mingi watu, fedha na walimu wa mchezo. Tena kikosi hicho cha 2024 hakikuwa cha shule peke yake: Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu katika ushindi dhidi ya Papua New Guinea, na pamoja naye walikuwamo Alpesh Ramjani na Dinesh Nakrani, wazaliwa wa India.

Wageni wa aina hiyo, wanaokuja kwa ajira na kustahiki kuchezea taifa baada ya miaka mitatu ya ukaazi, wameleta lawama mpya kwamba wanawabana wenyeji. Mimi naona hoja hiyo ni dhaifu mahali ambapo wenyeji wenyewe hawajafundishwa.

Hoja yenye nguvu zaidi naiona Tanzania, nayo inahusu wasichana. Timu ya taifa ya wanawake, iliyowahi kuongozwa na Fatuma Kibasu, imejengwa kwa kiasi kikubwa na wasichana Waafrika waliofunzwa kupitia shule, wakati familia za Kihindi zenye vizazi vitatu vya wapigaji wanaume zimetoa mabinti wachache mno. Klabu ya jamaa hurithisha mchezo, lakini hurithisha pia nani anayedhaniwa kuwa mchezaji na nani wa kupakua chakula. Kwa upande mwingine, shule nyingi zinazowafunza wasichana hao hazina kiwanja cha kriketi, na viwanja vinavyofaa mjini Dar es Salaam, kama Gymkhana na Annadil Burhani, vingi ni vya klabu na jamaa.

Kwa hiyo sioni faida ya kuzidai klabu zifute majina yao au zitaifishwe, kwani kinachozifanya ziendelee kuishi ni huo huo ujamaa wa watu wanaofahamiana. Dai la haki ni dogo zaidi na ni gumu kulikataa: uwanja wa klabu ufunguliwe kwa shule jirani alasiri za siku za kazi, na uanachama wa vijana usipimwe kwa ada wala kwa jina la baba. Shirikisho linaweza kulifanya hilo kuwa sharti la timu kuingia kwenye ligi.