Vidonge vya majira: mnatudai cheti, daktari yuko wapi?

Nimechoka kusikia kwamba mwanamke anayeingia duka la dawa na kutoka na vidonge vya majira bila cheti cha daktari ni mzembe wa afya yake, au ana jambo analificha. La kuficha ni kweli. Anaficha, na sababu anayo. Vidonge hivyo angevipata bure kwenye zahanati ya serikali, lakini benchi la kliniki ya uzazi wa mpango hapa Mbeya halina siri. Upande huu kakaa wifi wa jirani yako, upande ule mama mnayesali naye jumuiya moja, na nesi anayeita majina anaimba kwaya na mama mkwe wako. Kabla hujafika nyumbani, habari imeshatangulia.

Duka la dawa halikuiti jina. Unapita Kabwe au Mwanjelwa ukishafunga genge, unatoa paketi iliyoisha. “Dokta, nipe kama hizi.” (Tunawaita wote dokta, hata binti aliyemaliza kozi juzi.) Unalipa, unaondoka. Hujapoteza asubuhi nzima ya biashara wala hujaulizwa mumeo anajua.

Kwa wanawake ninaozungumza nao, kwenye vikoba na saluni, naona kambi mbili ambazo hazielewani kabisa. Kuna mama na dada waliokwisha kuzaa, wanaotumia vidonge miaka na miaka na hawaoni kwa nini waombe ruhusa ya mtu kila paketi inapoisha. Halafu kuna mabinti. Hao vidonge vya kila siku hawavitaki, vinaharibu kizazi, wanasema. Wanachotaka ni P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo.

Maneno haya ya kuharibu kizazi nadhani najua yalikoanzia, angalau kwa sehemu. Mtu akiacha sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa miezi mingi, hata kukaribia mwaka, ndipo ashike mimba. Wifi zake hawasubiri maelezo. Wanahesabu miezi na kutoa hukumu. Kutoka kwenye sindano hukumu ikahamia kwenye vidonge, ambavyo ukiviacha uzazi unarudi mapema. Na kichekesho ni hiki: vidonge vingi vya majira vina homoni inayoitwa levonorjestreli, miligramu 0.15 kwa kidonge. Dozi kamili ya P2 ni homoni hiyo hiyo, miligramu 1.5. Mara kumi. Binti anayeogopa kimoja anameza vya siku kumi kwa mkupuo, tena mwezi mmoja anaweza kurudia.

P2 haitoi mimba wala haiui kizazi, na sipendi watu wanaowatisha mabinti hivyo. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke, ndiyo maana inapaswa kumezwa mapema, ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia. Ila ni ya dharura. Ukiifanya desturi, mzunguko unavurugika na siku moja itakuangusha, maana kinga yake haiufikii uhakika wa vidonge vya kila siku vinavyomezwa vizuri.

Kinachonikosesha usingizi zaidi si mimba. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye maambukizi, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Huku ndiko binti anakokimbilia P2 Jumapili asubuhi, akishapata hedhi yake anashusha pumzi, basi limekwisha. Virusi havimo kwenye hesabu zake. Kumbe dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi ya VVU, nazo mwisho wake wa kuanzwa ni saa 72, na duka la dawa si mahali pa kuzipata, ni kituo cha afya. Muuzaji anayempa P2 bila kumwambia neno kuhusu PEP wala kondomu amemuuzia nusu ya alichokuja kutafuta.

Ugomvi wangu na maduka uko hapo: hawaulizi. Presha yako ikoje? Unanyonyesha mtoto wa umri gani? Umewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda? Kichwa kinakuuma kwa namna ya kuona vimulimuli kwanza? Unatumia dawa za TB au za kifafa? Vidonge vya kawaida vina homoni ya pili ndani, estrojeni, na mwenye presha ya 160 kwa 100 hapaswi kuvigusa kabisa. Mama aliyejifungua hajamaliza wiki sita na ananyonyesha, naye avisubirishe. Vipo vya aina nyingine, visivyo na estrojeni. Rifampisini ya TB inapunguza nguvu ya vidonge, mtu akapata mimba akidhani amejikinga. Maswali haya yanachukua dakika tano, na kipimo cha presha kinakaa juu ya kaunta. Cheti bila kipimo hakikuongezei kitu.

Wala tusidanganywe kwamba kuuza bila cheti ni uhuni wa nchi maskini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 vidonge hivi vipatikane bila cheti. Uingereza ikaruhusu mwaka 2021 vidonge vya desojestreli viuzwe famasi baada ya mazungumzo na mfamasia, Marekani ikafuata Julai 2023 kwa kidonge cha Opill. Vyote hivyo havina estrojeni, na hapo kuna la kujifunza kuhusu aina gani ijae kwenye rafu zetu. Lakini jirani zetu wa Ruvuma walianza na maduka ya dawa muhimu tangu 2003, wauzaji wakafundishwa, wakaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa, vidonge vya majira vikiwamo. Mfumo tunao. Kilicholegea ni yale mafunzo na ukaguzi.

Kwa hiyo wanaosema kila paketi iwe na cheti, waanzie Makete au Ludewa, huko Njombe. Zahanati ya kijiji ina tabibu au nesi. Daktari yuko mbali, barabara ya masika mnaijua, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumeza bei ya paketi mara kadhaa. Mwanamke huyo anauza viazi, ana watoto wanne, na vidonge vyake vinaisha Ijumaa. Mwambieni huyo daktari anamkuta wapi.