Ulinzi wa miji mikuu ya Afrika Mashariki na mpaka unaovukwa bila hakimu

Tangu Agosti 7, 1998, mabomu yalipolipuka katika balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam kwa kupishana dakika chache na kuua watu 224, hakuna serikali ya Afrika Mashariki inayoweza kudai kwamba polisi wake peke yao wanatosha kuulinda mji wake. Wakuu wa polisi wa ukanda huu walikuwa tayari wamekutana Kampala Februari mwaka huo na kuanzisha umoja wao, EAPCCO, miezi sita tu kabla ya milipuko. Haja ya kushirikiana, kwa hiyo, ilikwisha kukubalika mapema. Kinachobishaniwa hadi leo ni namna ya ushirikiano huo, na nani anayeusimamia.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya Kampala. Usiku wa Julai 11, 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika klabu ya raga ya Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala, walipuaji wa Al-Shabaab waliua zaidi ya watu 70. Kundi hilo lilisema linalipiza kisasi kwa sababu Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupeleka wanajeshi Mogadishu mwaka 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Bomu jingine lililokutwa Makindye, mtaa wa Kampala, bila kulipuka, pamoja na simu iliyokuwa nalo, liliwapa wapelelezi uzi wa kufuata, na uzi huo ukavuka mpaka hadi Kenya. Walioshtakiwa baadaye walikuwa raia wa Uganda, Kenya na Tanzania. Hapa hoja ya wanaotaka mashirika ya usalama yapewe nafasi pana ina nguvu kweli: njama iliyofumwa katika nchi kadhaa haiwezi kufumuliwa na mpelelezi anayesimama kwenye kituo cha mpakani cha Busia au Mutukula na kusubiri barua ipite wizarani.

Wapelelezi hawakusubiri barua. Baadhi ya Wakenya waliokamatwa nchini mwao walivushwa hadi Uganda ndani ya siku chache, bila kufikishwa mbele ya hakimu wa Kenya, ingawa sheria ya nchi hiyo ilikuwa na utaratibu wa kumkabidhi mshukiwa kwa jirani kupitia mahakama. Septemba 2010, Mahakama Kuu ya Nairobi, ikisikiliza ombi la familia ya mmoja wao, ilisema wazi kwamba kumtoa raia nchini kwa namna hiyo ni kinyume cha sheria. Mwezi huohuo Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki za binadamu kutoka Kenya aliyekwenda Kampala kufuatilia kesi hiyo, alikamatwa, akakaa ndani takriban mwaka mzima kabla ya mashtaka dhidi yake kufutwa.

Watetezi wa njia ya mkato husema kwamba mshukiwa anayejua kuna bomu jingine hapaswi kupewa wiki tatu za mabishano ya mawakili. Sioni kwamba hoja hii ni ya kupuuzwa, kwa maana ofisa anayeamua usiku wa manane ndiye atakayelaumiwa asubuhi. Lakini tutazame njia hiyo ilileta nini. Washtakiwa waliwasilisha malalamiko yao kuhusu kuvushwa huko katika Mahakama ya Katiba ya Uganda, na kesi ya msingi ikasimama kwa miaka, hata ikaanza kusikilizwa Machi 2015. Tarehe 30 ya mwezi huo mwendesha mashtaka mkuu wa kesi hiyo, Joan Kagezi, aliuawa kwa risasi jijini Kampala. Hukumu ya Jaji Alphonse Owiny-Dollo ilitoka Mei 2016: saba walitiwa hatiani kwa ugaidi, watano kati yao wakafungwa maisha, na washtakiwa wengine watano wakaonekana hawana hatia baada ya kukaa mahabusu miaka kadhaa. Siku chache zilizookolewa mpakani zililipwa kwa miaka mahakamani. Na hao watano wanakumbusha kwamba orodha ya majina iliyotoka kwa majasusi bado haijawa ushahidi.

Ushirikiano wa kijeshi ni suala gumu zaidi kupima. Kupeleka wanajeshi Somalia kulisaidia kuiondoa Al-Shabaab katikati ya Mogadishu mnamo Agosti 2011, na bila hilo serikali ya huko isingekuwa na mji wa kuongozea. Hata hivyo mji huo uliendelea kuumia. Lori lililolipuka makutano ya Zoobe Oktoba 14, 2017 liliua watu zaidi ya 500. Kenya nayo, baada ya kuingia Somalia Oktoba 2011, ilipoteza watu 67 Westgate mwaka 2013 na 21 katika jengo la DusitD2 mwaka 2019. Mtu anaweza kusema mashambulio yangekuwapo hata bila majeshi, na milipuko ya 1998, iliyotokea kabla ya majeshi hayo kwenda Somalia, inamuunga mkono. Upande wa magharibi, Uganda na Kongo zilianzisha Operesheni Shujaa dhidi ya ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda lililo mashariki mwa Kongo, wiki mbili baada ya milipuko ya Kampala ya Novemba 16, 2021, na Kampala haijapata tena shambulio la ukubwa ule. Wanavijiji wa Ituri na Kivu Kaskazini, ambako makundi ya ADF yalitawanyika, hawawezi kuusimulia ushindi huo kwa maneno hayohayo, na wanafunzi waliouawa katika shule ya Lhubiriha, Mpondwe, upande wa Uganda wa mpaka huo, Juni 2023, hawakuwa wakazi wa mji mkuu wowote. Naona majeshi hununua muda kwa miji mikuu, na mara nyingi ni watu wa mpakani wanaoulipia.

Hatari ninayoiona kubwa zaidi iko kwingine. Njia ya kuwavusha mpaka washukiwa wa ugaidi bila hakimu haikubaki kutumika kwao peke yao. Novemba 2024 Kizza Besigye, mpinzani wa miaka mingi wa serikali ya Uganda, alitekwa jijini Nairobi na siku nne baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye. Serikali ya Uganda inamtuhumu kwa makosa ya usalama, na ni haki yake kumshtaki ikiwa ina ushahidi. Kilichokosekana ni hakimu wa Kenya kuuona ushahidi huo kwanza. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda, ikiongozwa na Owiny-Dollo yuleyule, wakati huo akiwa Jaji Mkuu, iliamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa katika mahakama za kijeshi namna ilivyokuwa ikifanyika. Kila tukio la aina hii huwafanya wananchi wa mitaa kama Eastleigh ya Nairobi au Kisenyi ya Kampala, ambao ndio huona mgeni wa kutiliwa shaka kabla ya polisi, kufikiri mara mbili kabla ya kupiga simu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitia saini itifaki ya amani na usalama mwaka 2013, na Somalia ilikamilisha uanachama wake Machi 2024, hivyo mfumo wa pamoja upo. Pengo liko katika mlango wa malalamiko. Washtakiwa wa Kampala walipokwenda Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, kitengo chake cha rufaa kilisema mwaka 2013 kwamba wamechelewa, kwa kuwa ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya inatoa miezi miwili tu. Mtu aliyevushwa mpaka na kufungiwa huhitaji muda zaidi ya huo ili tu apate wakili atakayemsikiliza. Kurekebisha ibara hiyo, muda uanze kuhesabiwa pale mahabusu anapoonana na wakili wake kwa mara ya kwanza, hakumzuii mpelelezi yeyote kupiga simu Nairobi usiku huohuo.