Oksijeni ya shinikizo na vidonge vya moyo

Tuseme mzee wa Mikindani ana kisukari, ana kidonda cha mguu kilichogoma kupona, na kifua humbana akipanda kilima. Kila siku anameza atenololi, kidonge cha moyo. Mfukoni ana nitrogliserini, kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Malipo ya mnada wa korosho yameingia, na wanawe wanabishana: apelekwe mbali kwenye chumba cha oksijeni ya shinikizo au asipelekwe? Mmoja anasema kitaponya mguu na moyo kwa pamoja. Mwingine anaogopa oksijeni itagombana na dawa.

Wa kwanza ana hoja. Humo mtu huvuta oksijeni tupu katika shinikizo la mara 2 hadi 3 ya kawaida. Oksijeni inayoyeyuka kwenye mililita 100 za damu hupanda kutoka mililita 0.3 hadi karibu 6 shinikizo likifika mara 3. Baadhi ya vidonda vya kisukari vimo katika orodha ya magonjwa yanayotibiwa hivyo. Maumivu ya kifua ya moyo hayamo.

Hofu ya wa pili naiona nzito zaidi. Oksijeni nyingi hubana mishipa, presha hupanda na mapigo hupungua. Atenololi nayo hupunguza mapigo. Moyo wenye nguvu huvumilia. Uliochoka unaweza kushindwa kusukuma, maji yakajaa mapafuni. Ndiyo maana kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kitangulie nauli.

Linalonitisha hasa ni sukari. Kwa mwenye kisukari inaweza kushuka akiwa ndani ya chumba, na atenololi huficha moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, dalili ambazo mzee amezizoea. Hubaki jasho. Apimwe sukari kabla mlango haujafungwa.

Nitrogliserini hufungua mishipa ambayo oksijeni inaibana, kwa hiyo si adui. Ila ile ya kupaka haiingii chumbani: mafuta na oksijeni nyingi huweza kuwaka moto.

Lakini hofu isimfanye mzee aache atenololi ghafla eti anajiandaa. Kuikatiza kunaweza kuamsha maumivu makali, hata shambulio la moyo. Afunge vidonge vyake vyote kwenye mfuko, aende hospitali ya Ligula, aviweke mezani kwa daktari na kumuuliza: moyo wangu unasukuma kwa nguvu kiasi gani?