Usiitupe Spika Kabla Hujakijua Chumba

Kila ninapopita mtaa wa Langoni, hapa Lamu, nikaona spika ya mbao imeegemezwa nje ya mlango, imepigwa jua na mvua ikisubiri kuchukuliwa na taka, huwa nasimama kuikagua. Mara nyingi boksi lake likigongwa hujibu kavu na zito, sumaku ni nzima, na koni ya karatasi haina tundu hata moja. Kilichoharibika ni ule ukingo wa sponji unaoizunguka koni, kitu cha kubadilishwa kwa jioni moja. Mwenyewe keshanunua mpya ya plastiki yenye taa za rangi. Na hiyo mpya, akishaiweka palepale ilipokaa ile ya zamani, nayo itanguruma vilevile.

Msimamo wangu ni huu: hapa Lamu tunazihukumu spika kwa makosa ya vyumba vyetu. Spika kongwe iliyotengenezwa kwa uangalifu, ikawekwa mahali pake ndani ya nyumba ya mawe, hizi za dukani za bei ya kawaida haziioni ndani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ukingo wa sponji ulienea viwandani katika miaka ya 1970 kwa kuwa ni mwepesi, unanyumbuka vizuri na hauna gharama kubwa. Sponji hiyo ni poliyurethani, na adui yake ni unyevu. Mvuke wa hewani huivunja polepole mpaka ikawa unga unaonata vidoleni, na haijali kama spika inapigwa kila siku au imefunikwa kanga stoo. Kisiwani kwetu, ambako chumvi inakula hata bawaba za milango, sponji haina pa kukimbilia. Spika nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na ukingo wa kitambaa kilichopakwa dawa ya kunata, au wa karatasi iliyokunjwa mikunjo, na hizo utazikuta zinafanya kazi mpaka leo. Za mpira nazo huvumilia. Kwa hiyo tazama ukingo kwanza, na ukiona sponji imemomonyoka usitangaze msiba.

Kuibadilisha kunataka subira kuliko vifaa. Ukingo mpya huagizwa kwa vipimo vya koni yenyewe na vya fremu, kwa milimita. Ukiagiza kwa kusema "ya inchi nane" tu utaletewa isiyoingia, kwa sababu inchi nane za kiwanda hiki si za kile. Gundi ya zamani iondolewe yote kwa spiriti na kisu butu, na kutu ya fremu ikwanguliwe. Kisha ndipo inapokuja kazi hasa. Nyuma ya koni kuna koili ya waya mwembamba inayoelea kwenye mwanya wa sumaku, mwanya usiofika milimita moja kila upande. Gundi ikikauka koni ikiwa imeegemea upande mmoja, koili itasugua chuma, na mkwaruzo huo hautaondoka mpaka ubandue kila kitu uanze upya. Mimi hukata kwa wembe kile kifuniko cha vumbi kilicho katikati ya koni, nikachomeka vipande vinne vya filamu ya eksrei kuizunguka koili, ndipo nikapaka gundi. Filamu ya eksrei ni nyembamba, ni ngumu, na haiachi nyuzinyuzi. Gundi iwe ile nyeupe inayobaki laini ikishakauka. Zile za kushika papo hapo kaa nazo mbali, hazikupi nafasi ya kusogeza kitu. Ilaze usiku kucha. Asubuhi toa filamu, isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili huku umetega sikio karibu. Isipokwaruza, rudisha kifuniko.

Halafu chukua betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwa chanya ya spika na hasi kwa hasi kwa sekunde moja, koni itaruka kuja nje. Ikizama ndani, nyaya zimepinduliwa. Wapo watu wengi walioamini spika zao hazina besi, kumbe moja inasukuma huku mwenzake inavuta, na besi zinauana hewani kabla hazijafika sikioni. (JBL za zamani zilifungwa kinyume tangu kiwandani, kwa hiyo kwa hizo angalia tu kwamba zote mbili zinakwenda upande mmoja.)

Krosova, kile kibao cha ndani kinachogawa sauti nzito kwa wufa na nyembamba kwa twita, kina kapasita za elektrolaiti ambazo baada ya miaka mingi hukauka au huhama kwenye kipimo chake. Nunua za aina isiyo na chanya na hasi, za mikrofaradi zilezile, na ubadilishe za spika zote mbili kwa pamoja. Vitufe vya nyuma vinavyokwaruza vikizungushwa vina kutu tu, na dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme itavimaliza.

Ninapogombana na baadhi ya mafundi wetu ni kwenye kubadilisha wufa. Mtu anapeleka spika ya kiwanda cha maana, fundi anaitoa wufa ya asili anatia ya gari yenye sumaku pana, anapanua tundu kwa msumeno ili ienee, kisha anamwonyesha mwenye mali: tazama sumaku ilivyo kubwa. Sumaku kubwa si ushahidi wa nguvu. Sumaku za zamani nyingi zilikuwa za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, na alniko hufanya kazi kubwa ikiwa na umbo dogo. Mwaka 1978 vita vilipozuka Shaba, kule Zaire, bei ya kobalti ilipanda vibaya sana, na viwanda vya spika vikahamia sumaku za feriti, ambazo ni rahisi lakini hutaka duara pana ili kuleta nguvu ileile. Kwa hiyo ile sumaku ndogo iliyodharauliwa ndiyo iliyokuwa ghali.

Na boksi nalo si kabati la kutia wufa yoyote. Edgar Villchur wa Marekani, alipoitoa spika ya AR-1 mwaka 1954, aliifanya hewa iliyofungiwa ndani ya boksi iwe ndiyo springi ya koni. Wufa ililegezwa makusudi, boksi likazibwa kabisa, na kile kidude kidogo kikatoa besi ambazo zamani zilitaka kabati zima. Ukibadilisha wufa umeharibu hesabu yote. Ukiacha upenyo wa hewa pembeni, umeiharibu vilevile. Spika za aina hiyo zipime hivi: isukume koni ndani polepole, uiachie. Ikirudi pole, kama anayevuta pumzi, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, tafuta panapovuja, na mara nyingi ni kwenye mpira wa skrubu za wufa au nyuma kwenye vituo vya nyaya. Boksi likiwa limefumka viungo, maseremala wetu ni hodari, wakabidhi kwa moyo mkunjufu. Ila waambie mapema wasichonge nakshi kwenye ubao wa mbele. Nakshi ni za milango.

Sasa chumba, na hapa ndipo ninapotamani kila mwenye nyumba ya kale anisikilize.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari zikabebwa na boriti za mkoko. Boriti ndizo zilizoamua upana wa vyumba. Mti wa mkoko hauvuki mbali bila kupinda, kwa hiyo kutoka ukuta hadi ukuta huwa mita mbili na nusu, ikizidi sana karibu tatu. Urefu, mjenzi aliweza kuuvuta apendavyo. Ndiyo sababu "ndani" (chumba cha ndani) na misana (kumbi) ya Lamu ni vyumba vyembamba na virefu, na nyumba za kale za Arabuni zilizoezekwa kwa boriti zilizokwenda kwa majahazi kutoka huku zina wembamba huohuo.

Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana wa chumba, utapata noti ambayo chumba chenyewe hupenda kuimba. Chumba cha mita 2.4 kitaimba karibu na hezi 73, yaani mitetemo 73 kwa sekunde. Na uzi wa D wa gitaa la besi, ukipigwa mtupu, ni hezi 73.4. Kila mpiga besi anapougusa uzi huo kuta zote mbili zinamjibu kwa pamoja, na noti moja inavimba mpaka inafunika udi, fidla na maneno ya mwimbaji. Kwa kuwa boriti hazipishani sana urefu, mji mzima wa kale unanguruma karibu na noti moja, kuanzia Mkomani mpaka Langoni. Sijui mji mwingine ninaoweza kuusema hivyo, na nauona kuwa ni urithi pia.

Ami yangu aliniita nimtazamie spika zake. "Mwanangu, hizi zimekwisha. Zein akipiga udi siusikii, nasikia ngurumo tu." Zein l'Abdin ni mzaliwa wa Lamu, na kwa ami kutousikia udi wake si jambo dogo. Nilizikuta spika zimepangwa kama zinavyopangwa karibu kila nyumba: mgongo kwenye ukuta mrefu, viti vimepangwa kwenye ukuta mrefu wa pili, vikitazamana nazo. "Ami, nipe ruhusa nizihamishe kwanza." Tukazibeba mpaka mwisho wa chumba, kwenye ukuta mfupi, zikatazama urefu wa chumba, kila moja sentimita 60 kutoka ukuta wa ubavuni mwake. Kiti chake tukakiweka katikati ya upana. Nikarudisha kanda ileile. Ami akauliza nimebadilisha nini ndani ya boksi, na sikuwa nimegusa hata skrubu.

Sababu yake ni hii. Ile noti ya upana huishi kwa upande mmoja wa chumba kusukumwa wakati upande wa pili unavutwa. Spika zote mbili zikiegemea ukuta mmoja mrefu, zinaichochea kwa nguvu zote, na msikilizaji aliyeegemea ukuta wa pili ameketi pale inapovuma zaidi. Zikisimama kulia na kushoto kwa umbali ulio sawa, zinasukuma pande zote mbili kwa wakati mmoja na noti haipati pa kuanzia. Tena aliyeketi katikati ya upana yuko mahali ambapo noti hiyo ni dhaifu kuliko kwingine kote. Usawa huo upimwe kwa futi, usikisiwe kwa jicho.

Mengine ni ya kurekebisha kwa masikio. Spika ikibanwa kwenye pembe, besi zinazidi. Ikisogezwa mita moja kutoka ukuta wa nyuma, sauti inayorudi kutoka ukutani itakula besi za karibu na hezi 87. Umbali wa nyuma usilingane na wa ubavuni, ili kasoro mbili zisikutane kwenye noti moja. Sogeza kwa upana wa kiganja, sikiliza wimbo mzima, sogeza tena. Kiti kisiwe katikati kamili ya urefu wa chumba wala kisiegemee ukuta wa mwisho. Na twita ilingane na masikio ya msikilizaji: anayeketi kitini masikio yake yako kama mita moja kutoka sakafuni, anayeketi kwenye busati ni sentimita 75 au 80. Sisi tunaopenda kukaa chini tunahitaji vigoda vifupi kuliko vile vinavyoonyeshwa kwenye picha za nje.

Kuhusu zidaka, vile vishimo vya ukutani, nasikia zikisifiwa kwamba zinasafisha sauti. Zinasaidia kweli, lakini kwa kiasi. Hutawanya sauti za kati na nyembamba, kwa hiyo mwangwi wa kupigana makofi kati ya kuta mbili hupungua. Boriti za dari hufanya vivyo hivyo juu. Kwa besi hazifui dafu, kina chake ni kidogo mno. Tena zikiwa ubavu mmoja tu, ukuta mtupu wa upande wa pili huirudisha sauti ikiwa kali zaidi. Kanga iliyotundikwa pale ni pambo, haizuii kitu. Tundika zulia zito lenye mwanya kidogo nyuma yake, au simamisha godoro la sufi. Mahali pake utapajua kwa kioo: wewe keti kitini, mwenzako akipitishe kioo ukutani, na pale unapoiona twita ndani ya kioo ndipo pa kuweka.

Ukitaka kujua kama umefika, tumia rekodi ya mono. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na rekodi za enzi hizo zina njia moja tu ya sauti. Sauti yake inapaswa kusimama katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kitu, finyu na imara. Ikivutwa kuelekea ukuta mtupu, godoro halijakaa mahali pake au ni jembamba. Ikitapakaa chumba kizima isijulikane inatoka wapi, chukua tena ile betri ya tochi, maana spika moja imepinduliwa nyaya.