Kaboya ni mbali kwa mama wa Masasi

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema vijana waliokufa Vita vya Kagera hawajasahaulika, kwa kuwa kila Julai 25 taifa huwakumbuka. Kwa upande wa gwaride, mashada, mkuki na ngao, sina ubishi. Ila wengi wao hawakuwa wenyeji wa Kagera. Baba yangu mdogo alitoka Masasi, mgambo wa miaka ishirini na kitu, akaondoka mwishoni mwa 1978 baada ya majeshi ya Amin kufika Kyaka na kuvunja daraja. Amezikwa kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo Kaboya, Muleba, mkoani Kagera, pembe ya pili kabisa ya nchi. Bibi alifariki bila kulitia machoni kaburi la mwanawe. Alichobaki nacho ni picha moja ya studio, kijana kavaa kombati inayompwaya mabegani, na kila mgeni alioneshwa kabla hata hajapewa maji. Sisi wajukuu tulifika Kaboya kwa nauli zetu. Pamefyekwa vizuri na askari wa zamu alitupokea kwa heshima (hilo nalisifu). Lakini wazazi wa waliozikwa pale karibu wote wameshatangulia. Kuna familia yoyote ya Mtwara, Lindi au Songea iliyowahi kusafirishwa kwenda kumzuru ndugu yao pale?