Fuvu kwenye tisheti, majeneza kando ya chips

Mama mdogo wangu hapa Ng'ambo, Tabora, ameikataa tisheti yangu. Niliichambua kwenye mitumba kwa buku tatu, nyeusi, mbele ina fuvu la mwanamke limevaa likofia la manyoya ya mbuni afu linacheka meno yote nje. "We mtoto, unatembea na mauti kifuani?" Nikamwambia mama hii ni sanaa, akasema sanaa ni maua. Nikanyamaza, maana kwake ukijibu mara mbili ugali unapungua.

Ila hilo fuvu lina heshima zake. Alilichora José Guadalupe Posada wa Meksiko, miaka ya 1910 mwanzoni, akiwakejeli watu wanaoona aibu kwao wakajifanya Wazungu, yaani nyama zote zimeisha bado unaringa na kofia! Na kabla yake sana kuna Holbein, mchoraji Mjerumani, kitabu chake kilitoka 1538 kule Lyon, humo mifupa inamfata papa, inamfata mfalme, ikifika kwa mkulima inamsaidia kuswaga farasi wa plau. Hiyo ndo naipenda kuliko zote, kifo kinapiga kibarua.

Sasa watu wanaona wachoraji wa hivi wana matatizo, mi naona ni waoga tu wa kuchora vitu vilivyotokea kweli. Chukua Livingstone, yule daktari mmisionari wa Kiskoti. Kafa Mei 1873, Zambia ya leo, watumishi wake kina Chuma na Susi na wenzao wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakauanika juani kama wiki mbili hivi, wakaufunga na kitambaa cha kaliko na magome, wakaubeba mpaka huku kwetu Unyanyembe. Hapo wakamkuta Mwingereza anaitwa Cameron anawashauri si mumzike hapahapa, wakagoma. Mbele kidogo vijiji vikakataa maiti isipite, unajua walifanyaje? Wakajifanya wanamrudisha Unyanyembe akazikwe, afu mwili wakaufunga upya uonekane mzigo wa vitambaa. Daktari mzima kapita kama mtumba! Akazikwa London, Westminster Abbey, Aprili 1874. Mchoraji angechora hiyo mngesema anavuta bangi.

Na hata hatuhitaji kwenda mbali huko. Njia ya hospitali kuna fundi seremala, kulia kapanga vitanda vya mninga, kushoto majeneza, katikati dada anakaanga chips na moshi wa mafuta unaingia kote. Kuna siku mteja alikuwa anapatana bei ya kitanda cha harusi huku kakalia jeneza, anapiga meza, sijui meza, anapiga lile jeneza kwa kiganja anasema punguza bwana mi ntakuletea wateja. Fundi akacheka, akasema wateja wa upande huo aachane nao. Hakuna aliyeshtuka, hata mama mdogo chips zake ananunua hapo na anaagiza ziongezwe kachumbari.

Juzi mvua imenikamata palepale nikajibanza kibandani. Fundi kakaa ndani ya jeneza ambalo halijapigwa msasa, miguu kainyoosha, anakula chips mayai na kijiti. Akaniangalia kifuani, akaacha kutafuna.

"Aisee dogo, hiyo tisheti mbaya. Mi siwezi kulala nayo chumba kimoja."